Jinsi ya Kuusoma Mfereji wa Vita: Rideau, Kutoka Ottawa Hadi Kingston

Ukitaka kuujua mfereji wa Rideau, nchini Kanada, nenda kwanza mwezi wa Novemba. Usingoje Julai. Julai utaona boti nyeupe, baiskeli na watoto wanaokula aiskrimu, ukadhani umefika kwenye bustani yenye maji. Novemba msimu wa boti umekwisha, maji ya sehemu ya mjini yameteremshwa, na zile loki nane za Ottawa, yaani vyumba vya mawe vya kupandishia na kuteremshia boti, kati ya kilima cha Bunge na hoteli ya Château Laurier, zinabaki karibu tupu. Simama darajani uchungulie chini. Kuta za mawe ambazo kiangazi huoni ila sehemu yake ya juu, sasa zimejianika mpaka mguuni, nyeusi kwa unyevu, kila jiwe na alama za tindo lake. Mawe makubwa kiasi hicho hayakupangwa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Hii ilikuwa kazi ya jeshi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezaliwa Pangani, nikafanya kazi ya uuguzi miaka mingi mkoani Tanga, na sasa naishi Ottawa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi muashi wa chokaa, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa nyumba ya kale ya mawe inapoanza kutoa ufa. Kwa hiyo naingia mfereji huu na macho mawili: moja la baba kwa ajili ya kuta, jingine langu kwa ajili ya wagonjwa. Kila mwaka nawachukua vijana wetu wanaozungumza Kiswahili, wa kutoka Bukavu, Bujumbura, Mombasa na kwingineko, tunautembea kwa vipande. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia njiani.

Anza na ramani, si na mfereji

Kabla hujatoka nyumbani, fungua ramani uweke kidole Montreal. Kipitishe juu ya mto St. Lawrence kwenda Kingston, mlangoni mwa ziwa Ontario. Utaona kwamba kwa sehemu kubwa ya njia hiyo kidole chako kinatembea juu ya mpaka: upande mmoja Kanada, upande wa pili jimbo la New York. Sasa jiweke mahali pa ofisa wa Uingereza baada ya vita vya 1812 hadi 1814 dhidi ya Marekani. Kingston ndiko kwenye meli zako za kivita za ziwani. Kila pipa la baruti, kila mzinga na kila gunia la unga vinapita mtoni mbele ya adui. Mizinga michache tu ya Wamarekani ikipangwa ukingoni, Kingston imekatika.

Rudisha kidole Montreal, upande nacho mto Ottawa, kisha ushuke kusini kwa mto Rideau, maziwa yake na mto Cataraqui, mpaka Kingston. Ni njia ndefu ya kuzunguka, lakini iko mbali na mpaka. Hiyo ndiyo sababu nzima ya mfereji huu kuwepo. Luteni Kanali John By wa kikosi cha wahandisi wa kifalme alifika mahali pa kazi Septemba 1826. Kambi aliyoianzisha ikaitwa Bytown, ikabadilishwa jina kuwa Ottawa mwaka 1855, na miaka miwili baadaye Malkia Victoria akaiteua kuwa makao makuu. Mji mkuu wa Kanada, basi, ulianza kama kambi ya wachimba mfereji.

Njia hiyo lakini haikuwa mpya. Waanishinaabe wa taifa la Algonquin, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakisafiri kwenye mito hiyo kwa mitumbwi yao, wakiibeba mabegani penye maporomoko, tangu zamani mno. Ni ardhi yao, na hawakuwahi kuikabidhi kwa mkataba. Mabwawa ya By yalizamisha kingo walizozijua. Ukimpeleka mtoto Rideau, mwanzie na watu hao, kisha ndiyo uje kwa kanali.

Kaa loki moja mpaka uielewe

Vijana wengi hutaka kuziona loki zote siku moja. Mfereji una urefu wa kilomita 202, vituo 24 na loki 47 ukihesabu na mbili za tawi dogo la Tay. Hutazimaliza. Chagua moja, keti kwenye nyasi, ungoje boti.

Loki ni chumba kirefu cha mawe kisichokuwa na paa, chenye milango pande zote mbili. Boti ikitoka chini inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji ya juu yanaachiwa kuingia polepole, boti inapanda pamoja na maji. Yakilingana na ya mbele, mlango wa mbele unafunguliwa, safari inaendelea. Ni hilo tu. Lakini angalia mambo mawili ambayo watu hupitwa nayo.

La kwanza, milango haifungi kwa mstari ulionyooka. Inakutana kwa pembe, ncha ikiuelekea mkondo wa juu. Kadiri maji yanavyoisukuma ndivyo inavyobanana. Hakuna komeo wala kufuli, uzito wa maji wenyewe ndio unaofunga. Na ndiyo maana huwezi kuifungua kabla maji hayajalingana, hata mkija watu kumi.

La pili, tazama mikono ya wafanyakazi. Wanazungusha winchi za chuma kwa mikono. Kwanza wanafungua vilango vidogo vilivyo chini ya maji, vya kupitishia maji, kisha wanavuta milango kwa minyororo. Vituo vitatu tu, Newboro, Black Rapids na loki kubwa ya Smiths Falls, ndivyo vinavyotumia mitambo. Kwingine kote ni misuli, kama mwaka 1832 mfereji ulipofunguliwa.

Kwa nini haikubadilishwa? Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo siri ya uhifadhi wa mfereji huu. Vita vilivyotarajiwa havikuja. Hakuna risasi iliyopigwa kuulinda. Miaka ya mwanzo ulibeba mizigo na wahamiaji wengi, lakini mifereji ya St. Lawrence ilipokamilika mwishoni mwa miaka ya 1840, biashara kubwa ikahamia huko, kisha reli ikaja. Rideau haukuwa na mali ya kutosha kumfanya mtu yeyote aubomoe na kuupanua. Wakati huohuo wakulima, wapasua mbao na baadaye watalii waliendelea kuuhitaji, kwa hiyo hakuna aliyeuacha ufe. Mifereji mingi ya zama zake ama ilipanuliwa ikapoteza sura, ama iliachwa ikajaa matope. Huu ulibaki katikati: haukuwa tajiri, haukuwa yatima. Mwaka 1925 ukatambuliwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, na mwaka 2007 UNESCO ikauingiza pamoja na ngome za Kingston katika Urithi wa Dunia.

Milango ni ya mbao, na mbao ndani ya maji haziishi milele. Karakana ya Parks Canada, idara ya serikali inayoutunza mfereji, iliyoko Smiths Falls, huunda mipya kila ya zamani inapochoka, kwa vipimo vilevile. Kwa hiyo ukigusa mlango wa loki hugusi mti wa mwaka 1832. Vijana huvunjika moyo nikiwaambia hivyo. Nawajibu kwamba mlango ule ulishabadilishwa mara nyingi, lakini ujuzi wa kuutengeneza haujakatika. Hicho nacho ni kitu cha kale, tena kigumu kukitunza kuliko jiwe.

Gusa ukuta

Baba alinifundisha kwamba ukuta wa mawe unaumwa kwanza kwenye viungo. Basi usitazame jiwe, tazama mstari kati ya jiwe na jiwe. Tafuta mambo haya: kiungo kilichoingia ndani kiasi cha kupokea ncha ya kidole, majani au mzizi unaochungulia, doa jeupe la chumvi, na mahali ambapo rangi ya kijazio inabadilika ghafla, kijivu kigumu katikati ya ukuta wa zamani.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nimeliona nyumbani. Pangani, Lamu, Unguja, kote kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, ukuta uliojengwa kwa chokaa hutoa unyevu kupitia chokaa hiyo. Fundi asiyejua akija na saruji ya kisasa akaupiga lipu, unyevu unakosa njia, unatokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linaanza kumeguka kama mkate uliolala. Ontario tatizo ni hilohilo, ila adui anaongezeka: barafu. Maji yaliyofungiwa ndani ya kiungo yakiganda hutanuka, yakiyeyuka hulegea, na majira ya baridi moja yanaweza kuganda na kuyeyuka mara nyingi sana. Mawe huchanika hivyo, uzi kwa uzi.

Kwenye loki za Rideau utaona viraka vya zege vya karne iliyopita. Usiwalaani waliovipiga, walikuwa wakizuia ukuta usianguke kwa walichokuwa nacho. Ila jifunze kuvitofautisha na kazi ya kale. Ukitaka kuona jengo la mwanzo lililo zima, pale pale kando ya loki za Ottawa kuna nyumba ya mawe ya 1827 iliyokuwa ghala na ofisi ya jeshi, ambayo leo ni Bytown Museum. Ndiyo jengo kongwe kuliko yote ya mawe mjini. Weka kiganja ukutani. Kisha weka kiganja kwenye kiraka cha zege kilicho karibu. Sihitaji kuongeza neno.

Jones Falls: tenga siku nzima

Utahitaji gari, maana basi hazifiki. Nyuma ya loki nne za Jones Falls, ukifuata njia ya msituni, kuna ukuta wa bwawa uliopinda kama upinde, takriban mita 19 kwenda juu na zaidi ya mita 100 kutoka mwamba hadi mwamba. Ulipokamilika hakukuwa na bwawa refu kama hilo Amerika ya Kaskazini. Mkandarasi wake alikuwa John Redpath, yule ambaye jina lake baadaye likawa jina la kampuni ya sukari.

By hakutaka kuchimba kilomita 202. Alichofanya ni kuziba mito kwa mabwawa ili maji yapande na kufunika maporomoko, boti zipite juu yake. Sehemu iliyochimbwa hasa ni kama kilomita 19 tu. Lakini mpango huo unasimama au kuanguka kwa mabwawa, na mto haukubali kuzibwa kirahisi. Pale Hog's Back, karibu na Ottawa, bwawa lilibomoka mara tatu kabla halijashika. Ukiwa juu ya ukuta wa Jones Falls, kumbuka kwamba waliojenga huu walikuwa wameshasikia habari za ule.

Mpeleke mwenzako upande mmoja wa upinde, wewe nenda upande wa pili, mnong'one kuelekea ukuta. Sauti inafika. Watoto wanapenda hapo kuliko pote. Kilimani utakuta nyumba ya mawe ya msimamizi wa kwanza wa loki, yenye vitundu ukutani vya kupigia bunduki, kwa sababu kila msimamizi alitarajiwa pia kuwa mlinzi. Merrickville na Kingston Mills utaona maboma ya ulinzi yenyewe, kuta nene chini na ghorofa ya mbao juu. Yako manne mfereji mzima. Ya Merrickville ndiyo kubwa. Hayo yapitie kwa haraka. Nguvu zako zihifadhi kwa kituo kinachofuata.

Kwenye makaburi, nenda taratibu

Kutoka Newboro hadi Kingston Mills, kusini mwa mfereji, wanaume maelfu walichimba kwa sururu, koleo na baruti katika miamba na vinamasi. Wengi walikuwa Waayalandi maskini na Wakanada wanaozungumza Kifaransa, pamoja na askari wa Royal Sappers and Miners. Kiangazi kilipokolea, walianza kutetemeka.

Ilikuwa malaria. Watu wetu wakisikia hivyo hushangaa: malaria Kanada? Ndiyo. Mbu anofelesi wapo Ontario, na vimelea viliingia pamoja na watu. Aina yake ilikuwa vivax, si falciparum ile inayotuulia watoto Tanzania. Vivax huua kwa nadra kidogo, lakini ina hila yake: hujificha kwenye ini, ikarudi baada ya wiki au miezi, mtu akidhani amepona. Mchimbaji aliyeugua Agosti angeweza kurudi Montreal, akapumzika, na majira yanayofuata homa ya vipindi ikamwamkia tena, baridi kali mpaka meno yanagongana, kisha joto, kisha jasho, kisha kazini. Mwaka 1828 ulikuwa mbaya sana. By mwenyewe aliugua. Kwinini ilikuwa imeshatenganishwa na gome la mti wake mwaka 1820, lakini ilikuwa ghali, na kibarua wa koleo hakuwa na fedha hiyo.

Hakuna aliyejua kwamba ni mbu. Daktari Mwingereza Ronald Ross angethibitisha hilo mwaka 1897. Waliamini ni hewa mbaya ya vinamasi, kwa hiyo walifyeka miti kuruhusu upepo upite. Pale Newboro ugonjwa na ugumu wa mwamba viliwashinda wakandarasi wakaondoka. By akaongeza loki nyingine mbele yake, pale Narrows, ili kiwango cha maji kipande na mwamba wa kuchimbwa upungue. Nikisimama Narrows nawaonyesha vijana: loki hii imesababishwa na mwamba na homa. Ni ugonjwa uliochora ramani.

Hesabu inayokubalika ni kwamba takriban watu 1,000 walikufa wakati wa ujenzi, kwa malaria, milipuko, kuzama na maradhi mengine. Wengi hawana jiwe la kaburi. Kwenye loki za Ottawa kuna msalaba wa Kiayalandi uliosimamishwa 2004 kwa kumbukumbu yao. Usipite tu. Inama uangalie michoro yake: sururu na koleo, toroli, mlipuko, na mbu. Mara ya kwanza nilipomwona yule mbu amechongwa kwenye jiwe nilikaa chini. Miaka yote wodini, na sikuwahi kuona mahali pengine wafu wa malaria wamejengewa kumbukumbu yenye mbu wao. Chaffeys Lock nako kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta wa kumbukumbu. Samuel Chaffey, aliyekuwa na vinu hapo, alikufa kwa malaria mwaka 1827, na maji ya mfereji yakafunika alichojenga.

Jinsi ya kufanya hapo ni hivi: simu mfukoni, sauti chini, kila mmoja aombe kwa dini yake. Kisha msimulie mtoto kwa Kiswahili. Maneno tunayo yote, homa, mbu, kinamasi, kibarua, na anayaelewa mwilini kuliko akiyasoma kwenye kibao.

Kazi unayoweza kuifanya wewe

Chagua kituo kimoja kilicho karibu nawe. Simama mahali pamoja, piga picha ya ukuta uleule mara nne kwa mwaka, na katika kila picha weka rula ili vipimo vilinganishike. Andika tarehe na hali ya hewa. Mimi nafuatilia kiungo kimoja kwa miaka sasa. Mwaka mmoja picha zangu zilionyesha mti mdogo unaota ndani yake, nikamwonyesha mfanyakazi wa loki, akatoa simu yake akapiga picha na kuandika. Masika yaliyofuata mti haukuwepo. Picha moja ni ukumbusho tu, lakini picha ishirini za mahali pamoja ni ushahidi.

Ukiwa na boti, punguza mwendo karibu na kingo, kwa sababu mawimbi hula udongo ulioshikilia ukuta. Isafishe na kuikausha kabla ya kuitoa ziwa moja kuingia jingine; kome-pundamilia, viumbe wageni wa maji baridi, wameshaenea Rideau na hushikamana na kila kitu. Usichukue jiwe, msumari wala kipande cha chuma hata kama kimelala tu. Usiende na kifaa cha kutafutia chuma ardhini. Hairuhusiwi, na kitu kikishatolewa mahali pake kinakuwa hakisemi tena kilitumika wapi.

Parks Canada ikiita wananchi kutoa maoni, nenda ukaseme. Chumba hicho mara nyingi kinajaa wenye nyumba za ufukweni, na wenye hofu ya kupoteza gati zao. Sauti ya mtu asiye na gati inahitajika. Na lipia. Kibali cha kupitisha boti, kiingilio cha makumbusho, chochote kile, maana loki inayotumika ndiyo inayopangiwa bajeti ya milango.

Majira ya baridi nenda ukateleze. Tangu 1971 kilomita 7.8 za mfereji mjini Ottawa hugeuzwa uwanja wa barafu. Majira ya 2023 haukufunguliwa kabisa kwa mara ya kwanza, barafu ilikataa kuwa nene. Waliozoea kuteleza waliulilia mchezo. Mimi nilikuwa nikiziwazia kuta, zinavyoganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka.

Ukienda Newboro au Chaffeys mwezi wa Juni, vaa mikono mirefu na ubebe dawa ya kufukuza mbu, hasa ukipanga kubaki mpaka jua kuzama. Vimelea vilitoweka zamani, anofelesi hawajatoweka. Jioni hutoka kwenye matete wakaja mpaka ukutani mwa makaburi, na ukitulia utawasikia.